Vipuri vya stoo vipimwe kabla ya kufungwa

Mhariri,

Vijana wengi wa gereji wanachukua bloku ya Subaru EJ25 (injini ya lita 2.5) isiyo ya turbo, wanaifungia hedi, yaani vifuniko vya juu ya silinda, za EJ20 (ya lita 2.0) ya turbo zilizokuwa stoo, kisha pistoni inapasuka siku ya kwanza ya mbio za mita 400. Vipuri hivyo vinaoana, lakini kwanza vipimwe.

Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, ya EJ25 ni 99.5, kwa hiyo gasketi iwe ya EJ25. Kila silinda ya EJ25 ina takriban cc 614. Funika chemba ya hedi kwa kipande cha kioo chenye tundu, jaza mafuta mepesi kwa bomba la sindano, andika kiasi kilichoingia. Ongeza ujazo wa gasketi na nafasi iliyo juu ya pistoni. Jumla ya hivyo vitatu ikiwa cc 85, mgandamizo (614 jumlisha 85, gawanya kwa 85) ni 8.2 kwa 1. Ikiwa 70 unakaribia 9.8, na kwa turbo na petroli ya kituoni injini itagonga, yaani petroli itajilipukia yenyewe ndani ya silinda.

Ringi ya juu ya pistoni iachiwe mwanya wa milimita 0.5 kati ya ncha zake. Ukiwa mdogo mno, ncha zinakutana kwa joto na kumega ukingo wa pistoni. Wengi husingizia petroli!

Na tafadhali, bomba la zamani la kunyonya oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) lisirudishwe. Hupata ufa kwenye ungio, linavuta hewa, na beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zinakwisha.

Fundi injini,
Nairobi