Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha wakusanya wadudu, Bukavu

Wapendwa wanachama, mama, baba na vijana wetu,

Hesabu ya fedha mtaisikia kwa mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba michango imetosha kununua pini, naftalini na taa ya usiku. Karibu mwaka mzima tumeshika kazi moja: kufungua upya masanduku ya mbawakawa wa familia ya Elateridae, wale tunaowaita hapa chamani "kidoko" kwa sababu ya mlio wao, na kukagua kila jina liliwekwa kwa ushahidi gani.

Nianze na kosa langu. Lile sanduku la wadudu wa kijivujivu wenye magamba niliandika jina la jenasi Lacon mwanzo hadi mwisho, nikifuata kitabu cha zamani. Kumbe mwaka 1973 mtaalamu wa mbawakawa, Hayek, alipanga upya kundi la Agrypninae lililomo ndani ya Elateridae, na spishi nyingi za Afrika zilizokuwa kwenye jenasi Lacon au Adelocera zikahamia jenasi Agrypnus. Vijana wamejifunza kwa etiketi zangu miaka yote hiyo, na jambo hilo linaniuma. Naomba radhi. Etiketi mpya zimewekwa, na za zamani zimebaki kwenye pini ile ile, chini yake, ili atakayekuja aone tulikopitia.

Tumejifunza pia kwamba mlio wa kidoko peke yake hautoshi kumtambua mdudu. Mwiba ulio chini ya kifua huzuiwa kwenye ukingo wa tundu lake, misuli hukaza, kisha mwiba huteleza ndani ghafla, na mdudu aliyelala chali hurushwa juu. Ila baadhi ya Eucnemidae, familia nyingine ya mbawakawa, nao hufanya hivyo. Hapo tazameni kinywani: kwa Elateridae mdomo wa juu huonekana, kwa Eucnemidae umefichika. Wale wawili wa kijani wanaong'aa tumewatoa kabisa. Ni wa familia ya Buprestidae, nao hawana mwiba wa kujirusha wala mlio huo.

Furaha ya mwaka ni dume la kidoko wa jenasi Tetralobus, vipapasio vimefunguka kama upepeo, aliyeletwa na mama mmoja wa Kadutu kutoka uwanda wa Ruzizi. Mabuu ya jenasi hii hukaa kwenye vichuguu vya mchwa, kwa hiyo nawasihi wanaokwenda kule wavitazame. Wengi walitaka tuandike jina la spishi flabellicornis, kwa kuwa ndilo jina linalojulikana. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, aliiita spishi hiyo Elater flabellicornis mwaka 1767. Ilipohamishiwa jenasi Tetralobus, jina la Linnaeus, linaloandikwa nyuma ya jina la spishi, likaingia kwenye mabano. Lakini mimi nilikataa tumpe mdudu wetu jina hilo. Tumeandika Tetralobus sp., yaani spishi bado haijajulikana, pamoja na mahali na tarehe, mpaka tumlinganishe na vielelezo vilivyothibitishwa.

Mabuu yanayotoka mashamba ya viazi ya Kabare tusiyape jina la spishi. Yafugeni kwenye udongo mpaka yawe wadudu wazima, hata ikichukua miaka.

Mwaka ujao nitaomba ruhusa tupeleke sanduku la Agrypnus kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro. Mwenye kielelezo nyumbani amkabidhi katibu kabla ya hapo, pamoja na etiketi yake, hata kama imefutika.