Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: madimbwi ya Lukuledi yanatiwa sumu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam na heshima zote. Mimi ni mvuvi wa ndoano katika Mto Lukuledi, huku kusini mwa Tanzania. Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini nimeambiwa "rudi wiki ijayo" mpaka nimechoka kurudi.

Wiki iliyopita dimbwi la chini ya mikuyu limetiwa sumu. Tumefika asubuhi tukakuta perege wameelea matumbo juu, na kambare wakubwa wamejikokota hadi topeni wakafia huko. Niliokota perege jike, nikambana taya. Vitoto vikamwagika mdomoni, vidogo kama punje za ulezi, vyote vimekufa. Perege hulea wanawe mdomoni, Mheshimiwa. Aliyemwaga sumu ile ametumalizia na samaki wa mwakani.

Nadhani ni dawa ya mikorosho. Msimu wa kupulizia umekwisha, makopo yenye mabaki yamezagaa majumbani, na maji yale yalinuka dawa ya dukani, si utupa, ule mmea wa kulewesha samaki waliotumia wazee. Na hapohapo ndipo akina mama wanapochota maji ya kunywa!

Masika mto ukijaa samaki hutawanyika, nani atawamaliza? Lakini mvua zilikatika Mei, na sasa huku kwetu mto umebaki vipande vipande. Samaki wote wamebanana kwenye madimbwi machache, maji ya moto, hewa haba. Alfajiri unawaona perege wamepanda juu wanatweta. Hao ndio mbegu. Mvua zikirudi Desemba, ndio watakaopanda mto wakazae. Sisi wa ndoano tuna kawaida yetu: jua likiwa kali tunakunja mishipi, na jike mwenye watoto tunamrudisha majini. Sasa unamrudisha mchana, usiku mtu anakuja na chandarua anakomba dimbwi zima. Au mwenye bustani anatega pampu, anavuta mpaka tope linaonekana.

Ulipokuja kwenye mkutano wa hadhara ulisema kwa kinywa chako kwamba kabla ya kiangazi kijacho tutakuwa na kikundi cha kulinda mto, na afisa uvuvi atafika kila mwezi. Tulikupigia makofi. Majina ya kikundi tuliyaandika, tukayaleta. Kiangazi ulichokisema ndicho hiki.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Zipo, zinasubiri mtu wa kuzisimamia.

Nina watoto shuleni na mama mgonjwa. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na malipo yanakuja baadaye zaidi. Miezi hii kitoweo changu, na hela ya daftari, vinatoka Lukuledi. Tangu siku ile nyumbani ni kisamvu kitupu.

Ombi langu ni moja: uje mtoni mwenyewe, kabla ya mvua. Maji yapimwe. Piga marufuku uvuvi kwenye madimbwi mpaka mto uungane, na ndoano yangu iwemo kwenye marufuku hiyo, nitakubali. Lakini uje, Mheshimiwa. Yamebaki madimbwi mawili upande wa juu wa daraja, na kando ya moja pampu imeshaletwa.

Wako mtiifu,
Mvuvi wa ndoano, Bonde la Lukuledi