Mjomba, kabla hujasaini huo mkataba wa ngumi

Marahaba mjomba. Picha ulizonitumia za mkataba wa kukuingiza ngumi za kulipwa nimeziona, kurasa zote tatu, ile ya pili kivuli cha simu kimeangukia katikati lakini nimeisoma hivyohivyo kwa kukodolea macho. Nakujibu hapa hadharani, jina lako sijalitaja, maana najua hapo Ngarenaro mko wengi mnaoulizwa saivi "dogo lini unaenda kulipwa", na kule Moshi, Majengo na Pasua, wapo machalii wanaoulizwa hivyohivyo, kwahiyo na wao wasome.

Umeniuliza "mjomba unaniona naweza?" Hilo ni jepesi, jibu ni ndiyo. Una kushoto ya maana, una miguu, una pumzi za mtu aliyekulia mita 1,400 juu ya bahari na anayepandisha kilima cha Suye alfajiri wenzie wamelala. Ila kuna swali hujaniuliza na ndo linaloamua maisha ya bondia wa kulipwa: siku hiyo ukumbini, shoo ni ya nani? Yaani nani kauza tiketi, nani anamlipa nani, na wewe umeitwa uje ufanye nini.

Kwenye ngumi za ridhaa, hizi unazopiga sasa bila malipo, hukuwahi kuhangaika na hayo kwa sababu kuna droo, karatasi inabandikwa ukutani, umepangiwa mtu wa Polisi au wa Magereza, basi unapanda. Kwenye kulipwa hakuna droo bana. Kuna mtu kakaa na simu anamtafutia bondia wake mpinzani, na hamtafutii atakayemshinda, anamtafutia atakayesimama raundi kadhaa, arushe rushe ngumi watu wapige kelele, alafu apoteze. Sasa jamaa ana mashabiki wake Manzese, Dar, wanaojaza ukumbi, unafikiri anatafutiwa nani? Anatafutiwa chalii wa mkoani mwenye njaa ya jina, anayepigiwa simu wiki mbili kabla, anapanda basi Arusha mpaka Dar siku nzima magoti yamebanwa na siti ya mbele, anashuka miguu imevimba, anapelekwa kupima uzito. Ni kama mbuzi wa Krismasi, wiki ya mwisho anapewa majani mazuri kila mtu anamsifia.

Najua utaniambia Mwakinyo. Kila chalii anaambiwa Mwakinyo. Na ni kweli, tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham, Uingereza, nyumbani kwa wenyewe, akamkalisha Sam Eggington raundi ya pili ukumbi ukabaki kimya, na maisha yake yakabadilika usiku ule. Mimi nilishangilia mpaka jirani akaja kugonga. Lakini kwa nini tunaikumbuka ile siku hivyo? Kwa sababu huwa haitokei. Wanaokwenda kona ya mgeni wakarudi na bahasha na rekodi iliyochafuka hatuwaandiki popote, wapo tu mtaani wanafundisha watoto kupiga bagi.

Tena mwangalie Rogers Mtagwa, mtoto wa Dodoma aliyehamia Philadelphia, huyo wewe hukumwona. Oktoba 2009 alipanda Madison Square Garden, New York, na Juan Manuel López bingwa wa dunia ambaye alikuwa hajapoteza, na raundi ya 12 López alikuwa anayumba kabisa, anashikilia asianguke, kengele ndo ikamwokoa. Mtagwa akapoteza kwa pointi. Januari 2010, miezi mitatu na kitu baadaye, wakampandisha ulingo uleule na Yuriorkis Gamboa, Mcuba mwenye dhahabu ya Olimpiki, akamaliziwa raundi ya pili. Mwili uliotoka kula raundi 12 za moto uliletewa mtu fresh. Yule mzee alikuwa na roho ya simba, roho haikuwa tatizo kabisa, tatizo ni kwamba mara zote mbili shoo haikuwa yake.

Waliokaa vizuri hapa kwetu ni waliokuwa na watu wao kwanza. Francis Cheka na baadaye Twaha Kiduku, wote Morogoro, wakipigana mji mzima unahamia ukumbini, na promota akishaona hivyo anakuja mwenyewe anakubembeleza. Wewe Arusha nani anakujua zaidi ya washkaji wa stendi na mama zako wa Soko Kuu? Sikupondi, nauliza kweli. Madereva wa vifodi wanakujua? Wakilipishwa elfu tano waje kukuona, watakuja? Kama bado, basi kazi ya kwanza ni hiyo, pambano la raundi nne hapahapa, hata kama pesa yake inaishia kwenye nauli ya bodaboda.

Alafu kuna kilo, hapa nisikilize vizuri maana nyie vijana hili mnalipuuza. Kwenye ridhaa unapima uzito asubuhi ya siku ya pambano, kwahiyo mtu akisema yuko 57 kweli yuko 57. Kwenye kulipwa mnapima siku moja kabla. Jamaa anajikausha, hanywi maji, anatema mate kwenye kopo, anapanda mzani macho yameingia ndani, anapiga picha, akishuka tu anaanza kunywa na kula mpaka kesho yake usiku. Wewe unatembea na kilo 57 zako za kila siku, za ugali na dagaa, unajiona uko fiti kwa sababu hujajikausha, kumbe unapanda na mtu wa kilo 64.

Mfano upo na ni wa uzito wako huohuo wa feza, kilo 57.15. Vasiliy Lomachenko, Myukraine, dhahabu mbili za Olimpiki, 2008 na 2012, ridhaa kashinda 396 kapoteza moja, sijui kama kuna binadamu mwingine ana rekodi hiyo. Pambano lake la pili tu la kulipwa, Machi 2014, wakampa mkanda wa dunia agombee na Orlando Salido wa Mexico, mzee aliyekuwa ameshapoteza mara 12. Salido hata uzito hakufikia, alizidisha kama kilo moja, mkanda ukamtoka palepale kwenye mzani, ila pambano likaendelea. Usiku wa pambano Salido alikuwa na kilo 66 na ushee, Lomachenko 61 na kitu. Salido akamwegemea, akamkandamiza kwenye kamba, akampiga chini ya mkanda refa anaangalia, raundi 12 zote, akashinda kwa pointi. Kapigwa Lomachenko, yule fundi wa mafundi! Miezi mitatu na kitu baadaye Lomachenko kampiga Gary Russell na kuwa bingwa, kwahiyo hakufa, lakini nyuma yake kulikuwa na promota mkubwa anayemtaka ashinde, wa kumtafutia pambano jingine la mkanda haraka vile. Wewe ukipoteza la pili nani anakupigia simu?

Kwahiyo mimi ningekushusha, uende 55 au hata 53, lakini taratibu, kwa miezi, kwa chakula, siyo kwa kuvaa mifuko ya plastiki na kukimbia juani wiki ya mwisho. Hiyo ya mifuko inaua watu, na bongo iliyokauka maji ikipigwa ni hatari kuliko unavyofikiria.

Mambo ya ufundi kocha wako anayajua kuliko mimi, nakwambia moja tu nililoliona pale ulipozichapa na yule mrefu wa Moshi. Ukishapiga jebu, ile ngumi ya mbele iliyonyooka, ule mkono wa kushoto haurudi kwenye shavu, unarudi kiunoni, unapumzika kidogo kama umetumwa dukani, ndo unapanda. Raundi ya kwanza haionekani. Ya tatu ulikula kulia mbili za wazi, safi kabisa, ukacheka. Ulicheka kwa sababu glovu ni za aunsi 10. Kwenye kulipwa uzito wako mnavaa aunsi 8, na refa wa kulipwa hana ile huruma ya kukuhesabia nane umesimama ukitingishwa kidogo, anakuachia mpaka uanguke au uokolewe. Na mbavu pia. Ridhaa ni raundi tatu, kila mtu anakimbilia kichwa, huku watu wanawekeza kwenye ini raundi ya kwanza wanakuja kuchukua chao ya sita.

Sasa hilo karatasi lenyewe. Miaka mitano? Una miaka 20, huyo meneja akimaliza na wewe una 25, na sijaona popote palipoandikwa atakutafutia mapambano mangapi kwa mwaka. Maana yake anaweza kukuweka kabatini mwaka mzima na hupigani na mtu mwingine. Meneja asilimia 30, sawa, hata Marekani kuna majimbo wanaruhusu mpaka theluthi, ila tupige hesabu: tuseme umepewa laki tano, meneja anakata laki na nusu, kocha asilimia 10 yake elfu hamsini, imebaki laki tatu, hapo toa nauli yako na ya kocha kwenda na kurudi, kulala, vipimo vya damu, ukichanika nyusi toa na nyuzi. Mwambie aandike miaka miwili, mapambano yasiyopungua manne kwa mwaka, gharama za safari na vipimo ziwe zake, na pesa yako iwe mkononi kabla hujafungwa glovu, siyo "tutaonana kesho". Akikataa yote hayo jibu umeshapewa. Na kabla ya lolote nenda hospitali ya KCMC kule Moshi wakupige picha ya kichwa, hiyo nitalipa mimi.

Ukiniuliza mimi, na umeniuliza, ningebaki ridhaa kidogo. Watu wanaiona ridhaa kama darasa la vidudu lakini medali za ngumi za nchi hii kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola zimetoka huko, Titus Simba fedha Edinburgh 1970, Michael Yombayomba dhahabu Kuala Lumpur 1998, Changalawe na Mbundwike shaba mbili Birmingham 2022. Ngumi zipo Olimpiki ya Los Angeles 2028. Na timu za majeshi zinatafuta vijana wa uzito mdogo, ukipata nafasi una mshahara, una bima, unakula nyama, unafanya sparing na watu wa maana kila siku, alafu ukienda kulipwa na medali shingoni hao wanaokupigia simu leo watabadilisha lugha. Najua umechoka kusubiri. Najua pia kodi ya chumba ni kila mwezi na bagi la matambara halilipi. Ila mtu anayekuharakisha usaini wiki hii muulize wiki hii kuna nini.

Jumapili nipo nyumbani, njoo na hilo karatasi lenyewe siyo picha, na kitabu chako cha mapambano ya ridhaa, tutampigia huyo jamaa simu tuweke spika aongee na mimi. Mama yako usimwambie habari ya miaka mitano, dada yangu namjua, atalichana kabla hatujapata namba ya simu iliyoko chini.