Shosti, nimeukuta mdomo wa bata huku Paris

Shosti wangu, za siku? Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu. Nilitaka nikupigie ila hii siwezi kuimaliza kwenye simu bila kulia, we soma tu ukiwa umetulia.

Juzi Jumamosi dada mwenyeji wangu akasema leo twende ukasikilize jazi. Mi nikajua tunaenda kukaa kimya kama kanisani, wimbo ukiisha tunapiga makofi kwa adabu. Tukashuka metro ya Saint-Michel, tukaingia kichochoro kinaitwa rue de la Huchette, migahawa huku na huku, watalii wamejaa, na pale namba 5 kuna kimlango ukipita haraka hukioni. Ndo Caveau de la Huchette hiyo. Unalipa, unapita baa, unashuka ngazi za mawe nyembamba, na huko chini shosti ni pango. Pango kweli, dari la mawe limejipinda, jukwaa dogo, mabenchi pembeni, joto la watu linakupokea usoni. Jazi inapigwa humo tangu miaka ya 1940 vita ilipoisha, hata yule aliyefungua klabu ya Cavern kule Liverpool Uingereza mwaka 1957, walikopitia bendi ya Beatles, alikuwa ameona hapa akataka na kwao wawe napo.

Na watu wanacheza! Hakuna cha kukaa kimya. Wazee wa miaka 70 viatu vinang'aa wanawazungusha mabinti, mabinti nao wanawazungusha wazee, wimbo ukiisha mtu anaenda kumuomba mwingine hata hamjui, wanaingia tena. Nikaombwa na mimi. Nikacheza vile vile tunavyocheza dansi nyumbani na miguu ikakubali, hakuna aliyenishangaa.

Sasa sikiliza. Kabla hawajaanza raundi ya pili nimesimama karibu na jukwaa, kama hatua mbili hivi, mpuliza saksafoni, ndo huo mdomo wa bata wetu, akachomoa kile kijiti chembamba cha kwenye mdomo wa saksafoni akakitia kinywani, akakaa nacho kimya anakilowanisha huku anaangalia chini. Shosti. Unakumbuka kile kijiti cha saksafoni ya marehemu mzee wenu kwenye glasi ya maji juu ya kabati, ile siku nilikitupa nikidhani ni kijiti cha ice cream, mzee akakitafuta jioni nzima na hakunigombeza? Nimekiona kile kile. Akakirudisha, akakaza, akapuliza noti moja ndefu ya chini na mimi machozi hayo. Ukiwa karibu vile unasikia mpaka pumzi yake anapoivuta, unasikia vitufe vinavyogonga chini ya vidole, vitu ambavyo kwenye redio huvipati kabisa.

Halafu kuna jambo limekaa moyoni siku nyingi. Unamkumbuka yule kaka alotuambia wazee wetu walikosea, eti ile ya bendi zetu za dansi kina Tabora Jazz na Kilwa Jazz ni rumba tu, jazi yenyewe hawakuijua? Tulinyamaza na tuliumia wote wawili, arobaini ya msiba wa mzee ilikuwa bado haijafika. Leo nakataa. Jazi ilifika huku Ufaransa mwaka 1918 na wanajeshi weusi wa Marekani, bendi ya James Reese Europe, na watu waliipokea kwa miguu, na mpuliza saksafoni Sidney Bechet aliyetoka New Orleans akahamia huku mpaka akafa hapa 1959, watu wanamcheza mpaka kesho. Kwetu bendi ya Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Neno lile lilimaanisha matarumbeta, suti, ukumbi umejaa na watu wanacheza mpaka asubuhi, na ndo kitu nilichokikuta kwenye pango lile, hicho hicho. Wazee hawakukosea jina. Mzee alikuwa mwanajazi, mi nimeona kwa macho yangu, na mtu asije akakwambia vingine.

Baada ya shoo nilimfata yule mpulizaji, dada mwenyeji akawa ananitafsiria, nikamweleza habari za mzee na saksafoni iliyolala miaka yote hii. Akauliza, inapigwa? Nikasema mdogo wake rafiki yangu anatamani kujifunza. Akasema basi msiiache ikae, pedi zake zinakauka, na vile vijiti vinauzwa kwa boksi, ila lazima mjue ni vya saksafoni ya alto au ya tenor, na namba yake maana kuna vigumu na vilaini, anayeanza anunuliwe vilaini.

Kwa hiyo nakuomba, vuta lile sanduku chini ya kitanda cha mama, ipige picha saksafoni yote, na kama kuna kijiti kimebaki ipige picha ile namba nyuma yake vizuri isomeke. Nitumie kabla ya Alhamisi, Ijumaa asubuhi napanda ndege.

Ni mimi shoga yako