Barua kwa Rashidi kuhusu Mafuta ya Hoima

Hoima, Uganda

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi kutoka kwetu, sisi hatujambo. Uliniuliza kwa nini bomba la kilomita 1,443 linalotoka huku hadi kwenu Chongoleani, Tanga, ni lazima lipashwe moto njia nzima. Sababu yake ndiyo hiyohiyo itakayokipa kazi kiwanda cha kusafisha mafuta kilichopangwa kujengwa Kabaale.

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakiwekwa kwenye chupa, hata katika joto letu la mchana hukaa meusi na mazito kama mafuta ya mgando, na ukiiinamisha chupa hayamwagiki. Ndiyo maana bombani hutakiwa yasipungue nyuzi 50 hivi za Selsiasi.

Wengi hudhani kusafisha mafuta ni kuchuja uchafu. Ni kweli kwamba kwanza huoshwa kwa maji ili kuondoa chumvi, ambayo ikiachwa huzaa tindikali inayokula mitambo; lakini kazi yenyewe huanzia kwenye tanuri, yanapofikishwa nyuzi 350 hivi na kuingizwa katika mnara mrefu, ambamo mvuke hupanda huku ukipoa na kila aina ya mafuta ikarudi kuwa kimiminika pale joto linapoiruhusu: dizeli chini, mafuta ya taa juu yake, kisha petroli, na gesi ya kupikia ikatokea kileleni.

Masalia yanayobaki chini ya mnara ndiyo yenye elimu zaidi. Yakizidishiwa moto hivihivi huvunjika na kuacha makaa yanayoziba mabomba ya tanuri. Kwa hiyo hupelekwa kwenye mnara wa pili, uliopunguzwa kanieneo ya hewa, ili yachemke bila joto kupita kiasi. Kisha molekuli zake ndefu, zikiwemo zile za nta, hukatwa kwa msaada wa kichocheo na kugeuka petroli na dizeli. Nta hiyo inayotutaabisha bombani huwa hapo malighafi nzuri sana.

Kabaale imepangiwa mapipa 60,000 kwa siku. Wapo wanaosema tuyauze yote yakiwa ghafi, nami siwaungi mkono hata kidogo, kwa kuwa petroli tunayonunua hapa husafirishwa kutoka pwani, na nyumba nyingi bado zinapikia kuni na makaa huku misitu ikiteketea. Hiyo gesi ya kileleni naitaka ifike jikoni kwetu kabla ya kitu kingine chochote.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo,
Yusufu