Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo: chotara si cheti cha afya

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Juzi aliletwa mbwa jike mdogo wa kilo nne, uchungu umemshika tangu asubuhi. Alilala ubavu, ulimi nje, hana nguvu hata ya kugeuza shingo. Dume aliyempanda alimzidi uzito mara tatu, kwa sababu mwenye jike alitaka watoto wenye umbo la mama na manyoya ya baba. Kwenye picha ya eksirei tuliona kichwa cha mtoto kimeziba njia kama kizibo cha chupa.

Alipasuliwa, akapona. Kati ya watoto watatu, wawili hawakupumua. Mmoja nilimsugua kwa taulo robo saa nzima mpaka daktari akaniambia basi. Nilipotoka nje, mwenyewe aliniuliza: huyo aliyebaki ana manyoya ya namna gani?

Siombi uchotara upigwe marufuku. Wanaoapa kwa nasaba safi nao wana ya kujibu, na mara nyingine dawa yao ni hiyo hiyo damu ya nje. Mbwa aina ya Dalmatian walikuwa wamepoteza kabisa jeni inayosaidia mwili kushughulikia asidi ya mkojo, wakawa wanasumbuliwa na mawe ya kibofu. Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian na Pointer mara moja tu, kisha uzao ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi huku ile jeni nzima ikifuatiliwa. Huo ndio uchotara wenye akili: kuna tatizo linalojulikana, kuna subira ya miaka, kuna daftari.

Kinachofanyika sasa ni kingine. Mtu anakutanisha aina mbili zinazopendwa, anaunganisha majina yao kuwa jina moja tamu, halafu anamwambia mnunuzi kwamba chotara haugui. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2013, ulipitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 kwa magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yaliwaelemea zaidi wenye nasaba safi, 13 hayakubagua, na moja, kukatika kwa ukano wa goti, liliwapata zaidi machotara. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College ya London waliwalinganisha machotara wa Poodle, yaani Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo, na aina za wazazi wao kwa magonjwa. Katika sehemu kubwa mno ya ulinganisho, zaidi ya asilimia 86, tofauti haikuonekana.

Sababu yake si fumbo. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoua macho taratibu, na jeni yake imo kwa Labrador, imo kwa Poodle, imo kwa Cocker Spaniel. Wapandishe wawili walioibeba, na mtoto anaweza kuirithi pande zote mbili. Jeni haiulizi baba ni ukoo gani. Nyonga mbovu nazo ni hivyo hivyo.

Na ile hadithi ya mbwa asiyeleta mzio? Wally Conron wa Australia alipozalisha Labradoodle mwaka 1989, alitafuta mbwa wa kumwongoza mwanamke asiyeona ambaye mumewe alisumbuliwa na manyoya. Watoto wakazaliwa watatu. Mmoja tu ndiye hakumsumbua yule bwana. Conron mwenyewe baadaye alikiri hadharani kwamba anajutia alichokianzisha.

Linaloniuma zaidi ni rangi. Ile ya mabaka inayoitwa merle inapendeza, ndiyo maana inatafutwa. Wakipandishwa wawili wenye jeni hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuirithi mara mbili, na wa namna hiyo wako kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi, vipofu, au vyote viwili. Tena jeni hii hujificha chini ya manyoya mekundu au ya rangi ya krimu, kwa hiyo anayechanganya aina kwa kukisia anaweza asijue ameshika nini mkononi mpaka watoto wazaliwe.

Ombi langu ni jepesi kulitekeleza. Anayezalisha mbwa wa kuuza, chotara au nasaba safi, aonyeshe majibu ya vipimo vya wazazi wote wawili: macho, nyonga, na jeni zinazojulikana katika aina hizo. Kupandisha merle kwa merle kukatazwe moja kwa moja. Mnunuzi amwone mama akiwa na watoto wake. Huko England, sehemu ya Uingereza, kuanzia Aprili 2020, dalali haruhusiwi tena kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita. Na jike aliyewahi kupasuliwa kwa sababu ya dume mkubwa asipandishwe tena bila idhini ya daktari ya maandishi.

Hilo la mwisho nimeliongeza jana. Yule mwenye jike alinipigia simu kuuliza mbwa wake atarudi kwenye joto lini.

Wako katika kazi,
Msaidizi wa daktari wa mifugo, zamu ya usiku