Kichwa kinauma kila siku? Hesabu vidonge

Mhariri,

Kwenye maduka ya dawa, kuanzia Kirumba hadi Igoma, mtu huomba "ya kichwa", akameza viwili, jioni viwili tena, na kesho hivyo hivyo. Hapo ndipo balaa linapoanza. Parasetamoli ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe huweza kuleta maumivu. Zile zilizochanganywa na kafeini, hata siku 10. Ukiziacha, kichwa hugonga zaidi siku chache za mwanzo, na wengi hushindwa hapo. Vumilia, kitatulia.

Kwa parasetamoli, mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, subiri saa 6, visizidi 8 ndani ya saa 24. Soma na pakiti ya dawa ya mafua: nyingi zina parasetamoli humo humo, na ini ndilo linaloumia.

Waanika dagaa, kichwa kikiwauma juani, kunyweni maji kwanza, kivulini. Na huku kwetu ziwani, kichwa chenye homa kipimwe malaria, tusikisie. Shingo ikikaza, mkono ukilegea au maumivu yakilipuka ghafla, tafadhali msingoje kupambazuke; hospitali usiku huo huo.

Mfamasia,
Mwanza